Mama aliyekimbia na masahani yake

Wasomaji wa Bel-Air na wa Kampemba yote, na ninyi jamaa mliofika kwetu kutoka Kivu, Tanganyika, Mitwaba na Pweto, leo sisemi juu ya barabara wala umeme. Ninasema juu ya filamu. Si mpya, ilitoka mwaka 2001, na waliyoitengeneza ni Wajerumani. Lakini ndani yake watu wanazungumza Kiswahili, kile cha Kenya, na mtoto wa kizungu anakijua kuliko wazazi wake. Kwa Kifaransa inaitwa Nulle part en Afrique. Aliyeiongoza ni mama mmoja, Caroline Link, na mwaka 2003 ilipata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Imetoka katika kitabu cha Stefanie Zweig cha mwaka 1995, na Zweig alikuwa anaandika maisha ya nyumbani kwao wenyewe: Wayahudi waliomkimbia Hitler mwaka 1938, wakaishi Kenya mpaka mwaka 1947.

Mama wa filamu hii anaitwa Jettel. Bwana yake, Walter, alikuwa avoka Ujerumani. Kenya amekuwa msimamizi wa shamba la mtu mwingine, huko Rongai, pahali pakavu. Anamwandikia bibi yake barua: uje na friji, masahani ya kifahari uyaache. Jettel anafika na masahani, na pesa ya friji amenunulia nguo ndefu ya sherehe.

Hapa ndipo watu wengi watacheka. Mimi nataka tusicheke haraka. Katika kartié yetu nimesikia mara ngapi maneno haya: “Ule mama ni deplase, lakini angalia wax yake!” Au: “Deplase gani anatembea na masahani ya verre?” Kana kwamba mtu aliyefukuzwa na risasi lazima afike uchi ndipo tumwamini. Mama anapofunga mzigo usiku hafungi vitu vya miaka kumi. Anafunga kile kinachomwambia kwamba yeye bado ni mwenye nyumba, na kwamba siku moja wageni watakuja tena kula kwake. Wazee wa Katanga waliomwona Mkasai akingoja treni katika gare za Likasi na Kolwezi mwaka 1992 na 1993 wanajua mizigo ya namna hii.

Kwa hiyo Jettel si malaika, na hilo ndilo linaloifanya filamu iwe ya kweli. Ana kiburi. Hataki kujifunza Kiswahili, anamwamuru Owuor, mpishi, kwa sauti ya mwenye mji. Bwana yake anamwambia waziwazi kwamba jinsi anavyomtendea Owuor inafanana na jinsi watu wa kwao walivyowatendea Wayahudi. Mtu anaweza kuonewa asubuhi na kuonea wengine jioni. Mkimbizi pia, na sisi wenyeji pia.

Kisha vita vinaanza, mwaka 1939. Waingereza wanawakamata Wajerumani wote wa Kenya, hata wale waliomkimbia Hitler, kwa sababu karatasi zao ni za Ujerumani. Wanaume wanafungwa kambini. Wanawake na watoto hawana pahali pa kuwekwa, basi wanapelekwa Norfolk, hoteli ya matajiri ya Nairobi, wanakula vizuri huku ni wafungwa. Shamba la Rongai limepotea. Bila kazi na nyumba, jamaa itatawanyika. Na hapo Jettel analala na askari mmoja Mwingereza anayejua Kijerumani, na jamaa inapata kazi na nyumba katika shamba la Ol Joro Orok.

Nimeandika jambo hili bila kulizungusha, kwa sababu ndilo linalosemwa kwa kunong’ona kwenye bomba la maji. “Chumba kile alikipata namna gani? Bwana yake iko wapi?” Tunamhesabia mama dhambi, na yule mwenye nguvu aliyeuza mlango wa nyumba kwa bei ile, hakuna anayemtaja jina. Filamu haimsafishi Jettel wala haimhukumu. Bwana anajua, anaumia, ndoa inatikisika miaka. Lakini watoto wetu wanakula bukari chini ya paa fulani, na kabla ya kuuliza mama alilipa nini, tuulize nani alidai.

Walter baadaye anaingia jeshi la Waingereza. Jettel ndiye anayebaki kusimamia shamba, kwa Kiswahili alichokikataa mwanzo. Barua kutoka Ujerumani zinapungua, halafu zinaleta habari kwamba mama yake na dada yake wamepelekwa Poland. Mji wetu unajua namna hiyo ya barua. Wayahudi wengi wa Élisabethville walitoka kisiwa cha Rhodes. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwachukua ndugu zao waliobaki kule, wakawapeleka Auschwitz. Sinagogi yao ingali inasimama mjini, watu wanapita mbele yake kila siku.

Nina lawama moja. Ardhi ile nzuri ya milima ya Kenya wazungu waliitwaa kwa watu weusi, nao wakabaki vibarua juu yake. Yaani jamaa moja iliyofukuzwa ilipata kimbilio mahali ambapo wengine walikuwa wamekwisha kufukuzwa. Filamu inapita hapo upesi. Owuor, anayechezwa vizuri sana na Sidede Onyulo, anawafuata mpaka shamba la pili, lakini ya kwake mwenyewe tunaonyeshwa kidogo mno. Nani ataandika kitabu juu ya bibi wa mfanyakazi wa Union Minière, aliyengoja bwana yake tarehe 9 Desemba 1941, siku askari walipowapiga risasi wagomaji hapa kwetu? Tuna waandishi. Kitabu hicho ningekinunua leo.

Vita vinapokwisha, Walter anaitwa Frankfurt awe jaji. Anataka kurudi. Jettel anauliza: kurudi kwa waliomuua mama yangu? Mwezi wa Pili 2025 kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao, na wengi hawakuwa tena na nyumba. Tangu hapo tunasikia mapatano yakitiwa sahihi mbali, na wakubwa wakisema “warudi”. Katika mikutano ya wahami niliyofuata kwa radio, mikrofoni inashikwa na ba papa. Wamama wanakaa nyuma na watoto mgongoni. Ningependa safari ijayo waulizwe wao kwanza, na wajibu bila bwana kusimama kando.

Ninyi wenye nyumba za video za Bel-Air, mpira na filamu za kupigana hatuzikatai. Tupeni Siku ya Mungu moja, saa tisa ya mchana, wamama wa wahami waingie bila kulipa. Filamu inapita saa mbili. Ile ya maneno ya Kifaransa chini ipo, na asiyesoma ataelezwa kwa sauti, kama tulivyozoea.