Mwenye Kiwanda na Ahadi ya Haidrojeni

Usikiapo kwamba tajiri wa viwanda ametia sahihi mapatano mbele ya rais, usipige makofi upesi. Uliza kwanza nani atanunua bidhaa yake, na kwa bei gani.

Mwezi wa Novemba 2022, katika mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, Andrew Forrest wa Australia, mwenyekiti mtendaji wa Fortescue, kampuni iliyotajirika kwa mawe ya chuma, aliafikiana na Serikali ya Kenya juu ya kiwanda cha amonia na mbolea cha megawati 300. Mwaka 2025 ulitajwa kuwa mwaka wa kuanza. Habari hii ilipokewa kama mvua baada ya kiangazi, wala si ajabu. Mbolea yetu ya nitrojeni karibu yote hutoka ng'ambo, na mwaka ule gunia la kilo 50 lilikuwa limepita shilingi 6,000 madukani. Basi mwaka 2025 ulikuja, ukapita, na kiwanda hakikutoa gunia hata moja.

Haidrojeni isiyo na moshi hupatikana kwa kupasua maji kwa nguvu za umeme. Kilo moja yataka maji lita 9 kwa uchache, na umeme uniti 50 hivi. Lifikirie jambo hilo. Nchini mwetu, mwenye nyumba atumiaye uniti zisizozidi 30 kwa mwezi huwekwa katika daraja la wanyonge, akatozwa bei nafuu. Kilo moja hula umeme kuliko nyumba yake mwezi mzima! Na kilo hiyo si mbolea bado, kwa kuwa tani moja ya amonia yahitaji haidrojeni kilo zipatazo 177. Megawati 300 ni karibu theluthi ya uwezo wa mitambo yetu yote ya mvuke wa ardhi, ambayo mingi iko Olkaria, mahali ambapo jamaa za Wamasai zilihamishwa mwaka 2014 kupisha kazi hiyo. Umeme uliopatikana kwa gharama kama hiyo haufai kuahidiwa kwa maneno mepesi.

Watetezi wake husema kwamba soko jipya halizaliwi pasipo shujaa wa kutamka makubwa. Nakiri kwamba wana hoja. Mtu huyu alitumia fedha za kampuni yake mahali ambapo wengine waliogopa hata kuchungulia. Walakini tazama yaliyofuata. Fortescue ilikusudia kutoa tani milioni 15 za haidrojeni kwa mwaka ifikapo 2030. Julai 2024 ikaliacha lengo hilo na kutangaza kupunguza kazi 700. Julai 2025 ikaiacha miradi ya Arizona na Gladstone. Haidrojeni itokayo katika gesi ya ardhini ilikuwa rahisi zaidi, na wanunuzi hawakutaka kulipia usafi. Kampuni ina haki ya kurudi nyuma, kwani hasara ni yake. Lakini nchi iliyopanga mambo yake juu ya neno la mgeni irudi wapi?

Kazi ya mkurugenzi si kuhutubu. Kazi yake ni kujua bei ya kila uniti ya umeme, na kumfunga mnunuzi kwa mkataba kabla ya kumwaga zege. Karibu na Naivasha, katika shamba la Morendat, kilijengwa kiwanda kidogo cha nguvu za jua, cha kutoa amonia tani moja kwa siku. Mwenye majivuno atacheka. Lakini mnunuzi yu papo hapo, ni shamba lenyewe, na hakuna meli ya kungojwa Mombasa.

Mwaka 2023 Serikali ilitoa mpango wake wa haidrojeni, unaotaja mitambo ya megawati 100 ifikapo 2027. Wakurugenzi wengine watakuja na ramani zao, na baadhi yenu mtakuwa mmeketi upande wa pili wa meza.