Friji ya chanjo na zile nne tupu

Juzi nilimpeleka mwanangu kuchanjwa katika kliniki moja ya kibinafsi mtaani kwetu (jina nalihifadhi). Nikingoja zamu, nikaona karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Asubuhi 4, jioni 4. Kesho yake 4 na 4. Mwezi mzima nne tupu! Na mtaa wetu hauishi wiki bila stima kupotea. Sisi waandishi wa programu tukiona data iliyonyooka hivyo twajua jambo moja: hakuna aliyepima.

Nikamwuliza muuguzi. Akacheka, "Baba, hicho kipimajoto kilikufa kitambo."

Jamani, hili si jambo la kuchekea. Kanuni ni kwamba chanjo ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na kipimo kisomwe mara mbili kwa siku. Hata muuguzi mwaminifu huacha usiku mzima bila macho. Mnakumbuka Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipokuwa gizani? Karatasi ya kliniki inayofungwa wikendi ingesema nini?

Tena wengi huogopa joto pekee. Joto lina mlinzi wake: kibandiko kwenye chupa, chenye mraba ndani ya duara. Mraba ukifikia weusi wa duara, chanjo hiyo ni ya kutupwa. Baridi haina mlinzi huyo. Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B, au ile ya magonjwa matano kwa pamoja ikiganda huharibika, na kibandiko hakisemi neno. Mtoto atadungwa, atalia, mtarudi nyumbani mkidhani amekingwa.

Dawa ipo. Kuna kifaa kidogo cha betri kinachokaa ndani ya friji na kuhifadhi kumbukumbu za siku 30. Joto likipita 8 kwa saa 10, au likishuka chini ya -0.5 kwa dakika 60, kinatoa onyo, na onyo hilo muuguzi hawezi kulifuta kwa kalamu.

Nilimbeba mwanangu hadi kituo cha serikali ng'ambo ya barabara. Muuguzi wa pale alibonyeza kitufe akanionyesha joto la juu na la chini la usiku uliopita. Sisemi vituo vyote vya serikali viko hivyo. Nasema kifaa hicho kiwe sharti: kliniki isiyo na kumbukumbu za siku 30, iwe ya nani, isipewe chanjo.

Na kwa wenzangu wa kompyuta: tusikimbilie kuunda programu ya simu ili muuguzi aandike ile nne kwenye skrini badala ya karatasi. Uongo ukihamia kwenye seva bado ni uongo. Acheni friji ijisemee.

Nawe mzazi, siku ya chanjo uliza swali moja tu: "Usiku wa jana friji ilikuwaje?"