Mjenzi Aliyeingia Barazani

Kila mtu wa mlimani aijua sheria ya mfereji: walioshika majembe siku ya kuuchimba ndio wenye zamu ya maji. Mwezi huu twawaletea habari za mtu aliyejenga sana, kisha akaidai zamu yake.

Jina lake Alibhai Mulla Jeevanjee, naye alizaliwa Karachi mwaka 1856. Masomo yake yalikuwa machache. Alitoka kwao akafanya biashara hata Australia, na mwaka 1890 akafika Mombasa, akawa mkandarasi. Reli ya Uganda ilipoanza kutandikwa mwaka 1896, yeye alikuwa mmoja wa waliowaleta mafundi na vibarua kutoka Bara Hindi na kuwapatia vyakula. Kazi ile ilikuwa ya taabu: katika Wahindi wapatao 32,000, kama 2,500 walikufa. Nairobi ulipokuwa ungali kambi ya reli, alijenga humo majumba na soko, na mwaka 1906 akawapa watu bustani, ambayo hata leo yaitwa kwa jina lake.

Lakini majengo hayo hayakuwapatia watu wake haki. Serikali iliwatengea Wazungu nchi ya juu yenye rutuba, Wahindi wakazuiliwa. Basi Jeevanjee akateuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, lililoanzishwa mwaka 1907, naye ndiye mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo. Akanena, wala maneno ya mtu mmoja hayakutosha. Hakukata tamaa. Aliwapelekea watu wa London malalamiko yake, akashirikiana na wenziwe katika chama cha Wahindi kilichoundwa mwaka 1914. Alifariki mwaka 1936.

Je, tumsifu kwa yote? La. Huko London, mwaka 1910, alitoa shauri kwamba nchi hii iunganishwe na Dola ya Bara Hindi, kana kwamba wenyeji hawana la kusema. Yeye aliyenung'unika kwa kutoulizwa, alisahau kuuliza. Mwafrika wa kwanza wa Baraza lile la Kenya, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, yaani miaka 37 baada ya kuanzishwa kwake. Kwetu Tanganyika ilikuwa mwaka 1945, Mangi Abdiel Shangali wa Machame alipoteuliwa pamoja na Mtemi Kidaha Makwaia wa Shinyanga.

Nanyi wenye nyumba, na ninyi waalimu, tujitazame. Mama ashuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, apanda mlima na mzigo kichwani. Watoto wachota maji na kuchuma kahawa. Lakini fedha ya kahawa ipatikanapo, shauri hufanywa na baba peke yake. Twawaomba, msimu huu kabla fedha haijatumika, waiteni wote waketi, mkaanze kwa kumwuliza mama.