Elimu ya Kuiagiza Mashine

Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mnamo Novemba 2022, vyuo vyetu vya biashara, vile vikubwa vyenye viwanja vyao na vile vidogo vilivyopanga orofa juu ya maduka, vimeingiwa na hamu ya kuwafunza vijana namna ya kuiandikia akili mnemba maagizo. Na hamu hiyo naiunga mkono kwa dhati, ila nahofia kwamba somo lenyewe huanzia pasipostahili. Aghalabu mwanafunzi hupewa kauli za kunakili: iambie mashine kuwa ni mshauri mashuhuri wa biashara, iamrishe ifikiri hatua kwa hatua, itajie idadi ya maneno uyatakayo. Baadhi ya kauli hizo zina manufaa yake, walakini kijana aliyezihifadhi zote pasi na kuijua biashara anayoiulizia atakuwa amefunzwa adabu za kuanza mazungumzo ambayo hana la kuyajazia.

Ushahidi wa haya hatuna haja ya kuutafuta ng'ambo, kwa kuwa umepatikana papa hapa Kenya. Watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, wakiwemo wa Harvard na wa California kule Berkeley, waliwachukua wafanyabiashara wadogo Wakenya 640, wakawapa baadhi yao mshauri wa akili mnemba aliyeundwa juu ya GPT-4, ambaye walizungumza naye kwa WhatsApp, na wengine wasipewe. Hesabu ilipojumlishwa haikuonyesha faida wala hasara. Lakini ilipopambanuliwa, ikadhihirika kwamba waliokuwa wakifanya vyema tangu awali walinufaika kwa zaidi kidogo ya asilimia 15, ilhali wale ambao biashara zao zilikuwa dhaifu walishuka kwa takriban asilimia 8. Mshauri alikuwa mmoja, na simu zilikuwa hizi hizi zetu. Rai yangu ni kwamba tofauti ilikuwa katika maarifa ya mwenye kuuliza: anayejua mahali biashara yake inapovuja huchagua katika shauri alilopewa lile linalomfaa, na asiyejua hulibeba lote kama lilivyo, akaingia gharama kwa jambo ambalo duka lake halikulihitaji.

Itazame Tassia, mtaa wa magorofa yaliyobanana upande wa Embakasi, jirani ya Fedha, ambako orofa ya chini ni safu ya maduka na juu yake wanaishi wapangaji ambao ndio wateja wa maduka hayo hayo. Tuseme mwanafunzi wa diploma ana mama yake mwenye duka huko, naye akaiandikia mashine: nipe mbinu za kuongeza mauzo ya duka. Ataambiwa apunguze bei, atangaze mitandaoni, awape wateja wa daima zawadi. Jawabu ambalo lingemfaa, au lisimfae, mwenye duka wa Lima au wa Manila kwa kiasi kile kile. Mashine ni mithili ya karani mgeni aliyevisoma vitabu vyote vya biashara vilivyopata kuandikwa, lakini hajapata kukanyaga Tassia hata siku moja, na hatajua lililomo katika daftari la mama ila aambiwe.

Sasa mwanafunzi yule na akae kwanza na mama yake jioni mbili tatu, alipitie daftari la madeni na taarifa za M-Pesa za duka, kisha aandike hivi: duka liko chini ya jengo la orofa 7, wateja ni wapangaji, wengi hulipwa mwisho wa mwezi, kuanzia tarehe 18 mauzo ya taslimu hupungua na mikopo huongezeka, madeni yasiyolipwa yamefika shilingi 23,000, fedha iliyopo ya kununulia bidhaa ni shilingi 15,000, kukataa kukopesha hakuwezekani, maana duka la jirani hukopesha, nipe njia mbili za kupunguza madeni bila ya kuwapoteza wateja, utaje gharama na hatari ya kila njia, na kabla ya kujibu uniulize lolote usilolijua. Agizo hili halina madoido, lakini kila sentensi yake imegharimu kazi, na kazi hiyo ndiyo elimu ya biashara yenyewe. Mwanafunzi asipojua kwamba mauzo na faida ni vitu viwili, au kwamba mali iliyokopeshwa si fedha iliyo mkononi, hataweza kuliandika.

Aidha aliandike kwa lugha ambayo mambo yale yanamkaa kichwani, na kama mama humweleza biashara kwa Kiswahili, basi asione haya kuiandikia mashine kwa Kiswahili, kisha apime kama imemwelewa.

Wapo wasemao kwamba jitihada hii ni ya bure, kwa kuwa mashine zinazidi kuerevuka na karibuni zitamfahamu hata mwenye kunong'ona. Yamkini zitaerevuka, lakini werevu hauwezi kuifahamu siri ambayo haukuambiwa, na deni la mpangaji wa orofa ya nne ni siri ya daftari. Na hapo pana jambo ambalo walimu huliruka, nami naliona zito: majina ya wadaiwa na nambari zao za simu si mali ya mwanafunzi hata azimwage katika mashine ya kampuni ya mbali. Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019, na heshima baina ya majirani ni kongwe kuliko hiyo. Ayafute majina, abakize tarakimu.

Serikali ilizindua Machi 2025 mkakati wake wa taifa wa akili mnemba, wa kuanzia 2025 hadi 2030, na vyuo vitatafuta namna ya kuonekana vinauitikia. Ombi langu kwao ni la mtihani. Mwanafunzi na atumwe kwenye duka halisi, alete agizo alilolitunga pamoja na hesabu ambayo agizo hilo limetokana nayo, kisha alete jawabu la mashine, na pembeni yake aandike kwa mkono wake ni shauri gani amelikataa na kwa sababu gani. Nusu ya alama zitoke katika ukurasa huo wa mashauri aliyoyakataa, na mwenye duka aalikwe asikilize ukisomwa, akiwa na ruhusa ya kusema kijana amekosea wapi.