Ngoswe apande jukwaani Singida
Kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari hapa Singida wameikariri Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba kwa ajili ya mtihani, na wengi hawajawahi kumwona Mzee Mitomingi akizichoma karatasi za sensa kwa hasira. Inaniuma, maana tamthilia huandikwa ichezwe. Tusingoje jumba kama la TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo. Ukumbi wa shule na taa mbili vinatosha. Alizeti ikishavunwa tuitishe usaili wa waigizaji, na mama anayeuza kuku wa kienyeji aje, dereva wa bodaboda naye aje. Mitomingi anataka sauti iliyozoea kuita ng'ombe. Mwakani tuthubutu Kinjeketile ya Ebrahim Hussein.