Mandhari si Jina la Mahali

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa moja la sita katika shule ya msingi ya Mgeta, juu kule ambako asubuhi watoto huingia darasani wakiwa wamejifunika kanga na makoti ya kaka zao. Somo lilikuwa shairi la mwanamke wa pwani anayemngojea mumewe aliyesafiri kwa jahazi. Mwalimu mwanafunzi alikuwa ameandaa kazi yake vizuri. Aliandika ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza: Mandhari, pwani. Wahusika, mke na nahodha. Hali, huzuni. Watoto wakanakili. Baadaye tuliomba ruhusa tukamwuliza msichana mmoja wa dawati la mbele amejuaje kwamba shairi hili lina huzuni. Alisimama, akajibu kwa adabu: "Kwa sababu mwalimu ameandika."

Jibu hilo hatukulisahau, wala hatudhani kwamba kosa lilikuwa la msichana yule. Yeye alisema kweli tupu. Kosa ni la desturi yetu sisi tunaofundisha fasihi, ya kuligawa shairi au hadithi katika visanduku vitatu na kujaza kila kisanduku neno lake. Ndugu wanachuo, nanyi mtarithi desturi hiyo msipoangalia, kwa maana ni rahisi, na ubao hupendeza.

Tuanze na neno lenyewe. Mandhari ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo latokana na shina la kuona, lile lile lililotupa nadhari. Basi mandhari ni kinachoonekana, na kikionekana hapana budi awepo anayekiona. Hapo ndipo visanduku vinapovunjika. Anayeona ni mhusika, na namna anavyoona ndiyo hali ya moyo ya hadithi. Mwalimu aulizaye "Hadithi hii imetokea wapi?" ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: "Ni nani anayepatazama mahali hapo, na ana haja gani napo?"

Chukueni ukungu, kitu ambacho mtoto wa Mgeta hahitaji kuchorewa. Washairi wengi wameutumia kama pazia la siri, au la huzuni, au la uzuri wa alfajiri. Lakini mtoto ambaye wazazi wake wanalima viazi mviringo analijua neno hilo kwa maana mbili, kwani Kiswahili kimelipa neno moja kazi ya mvuke unaopanda bondeni na kazi ya ugonjwa unaooza majani ya viazi. Unyevu ukikaa siku nyingi shambani, ugonjwa nao hufuata. Mtoto huyo akisoma kwamba ukungu umetanda juu ya nyumba ya mhusika, huenda asiwazie uzuri hata kidogo. Atawazia hasara. Je, amekosea? Sisi twasema hajakosea, ila hajamaliza. Mwulizeni: wewe unauonaje ukungu, na huyu aliye katika hadithi anauonaje? Ni maneno gani ya mwandishi yanayokuonyesha tofauti? Akikosa neno la Kiswahili la kutaja alichohisi, na alitaje kwanza kwa Kiluguru, kisha darasa zima limsaidie kulivusha. Dakika tano zinazotumika hivyo hazipotei.

Na vitu vya mlimani navyo havina maana moja. Mtoto anayatazama makonde yaliyokatwa kama ngazi, yenye kabichi na karoti zitakazopelekwa sokoni Nyandira, naye anaona kazi ya kila siku. Mzee wa upande wa Matombo aweza kutazama tuta lile lile akakumbuka amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi, na ghasia zilizozuka Uluguru mwaka 1955 kwa sababu yake. Kilima ni kimoja, watazamaji ni wawili, na hadithi ni mbili.

Sasa turudi kwa mwanamke wetu wa pwani. Mwalimu yule alieleza kwamba jahazi ni chombo cha baharini na kaskazi ni upepo. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayamfikishi mtoto mahali. Alipaswa kuambiwa kwamba zamani za matanga pepo mbili zilikuwa ndiyo kalenda ya mwambao mzima. Kusi, ambayo huvuma katikati ya mwaka, ilivisukuma vyombo kwenda Arabuni na Bara Hindi. Kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka hadi karibu na masika, ilivirudisha. Mke ambaye mumewe alisafiri kwa kusi alikuwa na miezi michache tu ya kutazama upeo wa bahari. Kaskazi ikifa na tanga halijaonekana, hakuwa na la kufanya ila kungoja mpaka kaskazi nyingine. Mtoto akilijua hilo, mshairi hana haja ya kutaja huzuni. Atakapotaja tu kwamba upepo umegeuka, moyo wa msomaji utashtuka wenyewe.

Baadhi ya wenzetu hutoa shauri jingine: libadilisheni jahazi liwe lori la mboga, na bahari iwe barabara ya kutelemkia Morogoro. Twaiheshimu nia yao. Kwa kweli lori ni mlango mzuri wa kuingilia, maana watoto wa huku wanajua jinsi nyumba inavyonyamaza mvua inapoharibu barabara na baba hajarudi. Anzieni hapo. Lakini msiishie hapo, kwa sababu lori husubiriwa siku mbili tatu, na jahazi lilisubiriwa mwaka. Ukimpa mtoto lori peke yake umemnyima kile hasa alichokuja kukipata shuleni, yaani kusimama kwa kitambo mahali pa mtu mwingine.

Vivyo hivyo kwa tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa mwanzo wa karne ya 19. Nyingi husomwa kama mafumbo ya kuchekesha tu. Zile zihusuzo siasa za mji wake haziwezi kueleweka bila kujua kwamba Mombasa ya Wamazrui ilikuwa ikikabiliana na Seyyid Said wa Omani, aliyeishinda mwaka 1837. Hapo mandhari ni wakati zaidi ya mahali, na mwalimu ambaye hakusoma historia atafundisha maneno matupu.

Msije mkadhani kwamba mtoto wa milimani siku zote ndiye anayepungukiwa. Shaaban Robert katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, aliiweka nchi yake angani. Tumewahi kuona wanafunzi wa mabondeni wakiduwaa mbele ya nchi hiyo. Watoto wa Mgeta hawakuduwaa. Wao huamka siku nyingine mawingu yakiwa chini ya miguu yao, na bonde lote limetoweka. Walipofika kwenye habari za wajumbe waliotumwa pande mbalimbali na kurudi na mambo yenye manufaa, kisha wakaadhibiwa, mvulana mmoja alisema kwamba watu wanaokaa juu sana hawaoni kilichoko chini, hivyo hawamwamini aliyetoka huko. Hatujui kama Shaaban Robert aliwaza hivyo. Twajua kwamba mtoto yule alikuwa ameunganisha mahali, tabia za watawala na uchungu wa kisa kizima kwa sentensi moja, bila kisanduku chochote.

Mtasema, na mtihani je? Mtihani utamtaka achague jibu moja kati ya kadhaa. Ni kweli. Lakini mtoto aliyeuona upepo ukigeuka hatashindwa kuchagua neno huzuni. Aliyekariri atashindwa mara shairi litakapobadilishwa.

Juma lililofuata mwalimu mwanafunzi yule aliomba kulirudia shairi lake. Safari hii hakuandika kitu ubaoni mpaka nusu ya kipindi. Alichora mishale miwili ya pepo, akaeleza miezi, akasoma polepole, akanyamaza. Msichana wa dawati la mbele alinyosha mkono, naye hakujibu swali bali aliuliza lake: "Mwalimu, kaskazi ikiisha, yule mama huwa anatazama wapi?" Mwalimu alitutazama sisi tuliokuwa nyuma. Hatukuwa na jibu la kumpa, basi akafungua kitabu, akawaambia walitafute pamoja.