Baba, Usimnyime Mtoto Dawa ya Uso

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Kwenye ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, vumbi la mawe na malaria. Leo nasema juu ya butoni, vile vipele vinavyojaa usoni mwa vijana wetu, ambavyo vitabu huviita chunusi. Usicheke. Jambo hili limefika mlangoni mwa dispensari.

Baba mmoja, mtu wa kutoboa mawe, alikuja na binti yake wa miaka 16. Munganga akaandika ordonansi. Baba akaikunja, akaitia mfukoni, akaniambia: “Huyu si mgonjwa. Ni ujana tu, utapita. Sitaki mtoto azoee dawa.” Nilinyamaza kwa heshima, na hapo nilikosa.

Baada ya miezi 3 binti alirudi amefunika uso kwa kitambaa. Alikuwa amejinunulia sokoni tibu ya pomadi ya kung’arisha ngozi. Majuma ya kwanza uso ulilainika, hata mama akamsifu. Kisha ngozi ikawa nyembamba, ikawaka kama imemwagiwa pilipili, na vipele vikarudi vingi kuliko kwanza. Alikuwa ameacha kwenda masomoni.

Baba alidhani anachagua kati ya dawa na kukaa bila dawa. Kumbe alichagua kati ya dawa ya munganga na dawa ya soko. Mtoto anayeona haya ya uso wake hakai bure. Atatafuta.

Pomadi nyingi za namna hiyo zina klobetasoli, dawa kali ambayo munganga huitoa kwa magonjwa mengine ya ngozi, kwa muda mfupi. Sabuni nyingine za kung’arisha zina zebaki, ile merkiri ambayo wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu. Wewe unajua ubaya wake machimboni. Ikipita kwenye ngozi, huharibu figo.

Sasa tuseme ukweli juu ya butoni. Si uchafu, si uzinzi, wala si uchawi. Mtoto akianza kukua, homoni huamsha tezi za mafuta chini ya ngozi. Mafuta yanazidi, vitundu vinaziba, vijidudu vinaongezeka ndani, panavimba. Kumsugua kwa sabuni kali au ndimu ni kuongeza kidonda.

Unasema itapita. Mara nyingi hupita, ndiyo. Lakini mashimo na mabaka meusi hayapiti pamoja nayo. Tazama mashavu yangu unapokuja kuchomwa sindano. Nilipokuwa kijana nilikamuliwa kwa kucha na watu walionipenda. Leo nina zaidi ya miaka 30, na alama zipo. Wewe ukiona ufa kwenye dari ya galeri, je, unangoja jiwe lianguke?

Unaogopa dawa. Hofu hiyo si ujinga. Ilete kwa munganga. Mara nyingi huanza na dawa ya kupaka, kama peroksidi ya benzoili au adapaleni. Vipele vikiwa vikubwa, huongeza vidonge vya doksisiklini kwa miezi michache, si kwa maisha yote. Msichana mwenye mimba hapewi doksisiklini wala adapaleni. Iko pia isotretinoini, yenye nguvu sana, ambayo huharibu mtoto tumboni. Hiyo si dawa ya kuanzia, wala si ya kununua bila munganga. Muulize wazi: “Umemwandikia ipi? Ya muda gani? Nikiona nini nimrudishe?” Ni haki yako.

Ukikubali, shika haya:

1. Apake kidogo, usiku, juu ya ngozi kavu. Peroksidi hutoa rangi ya nguo, basi atandike kitambaa cheupe juu ya mto.

2. Kidonge cha doksisiklini akimeze na maji mengi baada ya kula, asilale papo hapo. Ajikinge na jua, maana dawa hii huifanya ngozi iungue upesi.

3. Ngozi ikikauka kidogo mwanzoni, msiogope. Ikivimba au kuwaka sana, rudini kwetu.

4. Ngojeni majuma 6 hata 8 kabla ya kusema dawa haifai. Wengi huacha juma la 2 na kupoteza fedha yao.

5. Asikamue, na asipake pomadi ya kung’arisha.

Yule binti amerudi masomoni. Uso unapona polepole, lakini mabaka mengine yatakaa. Baba yake mwenyewe ameniruhusu kuwaelezeni haya, ili mwingine asifanye kama yeye.

Baba, ordonansi iliyo mfukoni mwako haimponyi mtu. Itoe leo, uje nayo dispensari pamoja na mtoto. Tutaisoma wote watatu.